Afande Anapokuwa Saidia Fundi



Wapendwa vijana wenzangu, leo naomba tubishane kidogo. Mtu ametumikia jeshi, ameambiwa asante, amerudi nyumbani. Sisi tuliobaki mtaani tunadaiwa nini naye? Heshima ya kumwita "afande" inatosha, au kuna deni jingine ambalo hatupendi kulitaja? Na upande wa pili: yeye akija gereji kuanza ufundi upya, anapungukiwa chochote akiagizwa kuosha vipuri na kijana aliyezaliwa wakati yeye yuko tayari kambini?

Nauliza kwa sababu ya mahali ninapoishi. Tunduma tunaijua kama mji wa malori. Mzigo unatoka bandari ya Dar es Salaam, unapanda nyanda za juu, unapita Mbeya, Mbozi, unafika hapa, unavuka Nakonde kuingia Zambia na mwingine unaendelea hadi Kongo. Tangu Oktoba 2019 tuna kituo cha pamoja cha forodha, kile walichokifungua Rais Magufuli na Rais Lungu, lakini bado kuna siku foleni inafika Mpemba na kupita. Lori likisimama kwenye foleni siku tatu, kitu fulani kitaharibika. Betri inakufa, hewa inavuja, tairi inalala. Ndiyo maana kila uchochoro una gereji, na nyingi ni zile tunazoziita gereji bubu: mti, jeki mbili, drami la oili chafu na kijana aliyelala chini ya tela huku miguu tu ikionekana. Mimi nauza spea. Nakaa kaunta, naona nani anakuja kununua nini, na naona nani anatumwa.

Sasa wanaotumwa wamebadilika. Zamani saidia fundi alikuwa mtoto aliyeishia darasa la saba. Siku hizi unakutana na kijana aliyemaliza miaka yake miwili ya kujitolea JKT, mgongo umenyooka, anasimama kaunta kama yuko paredi. Na mara moja moja unakutana na mzee kabisa, mstaafu wa JWTZ, aliyekuwa kwenye karakana ya magari ya jeshi, anauliza slaki ya breki ya nyuma kwa sauti ya mtu asiyezoea kuuliza bei.

Mkoa wetu wa Songwe ni mchanga, ulianza mwaka 2016 ukitoka Mbeya, lakini una kambi yake ya JKT pale Itaka, Mbozi. Kwa hiyo hili si jambo la Dar es Salaam. JKT yenyewe ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, mapema hata kuliko JWTZ lililoundwa Septemba 1964, na wazo lake lilikuwa kijana ajifunze ukakamavu na kazi kwa pamoja, jembe mkono mmoja, bunduki mwingine. Utaratibu wa wahitimu wa kidato cha sita kwenda kwa mujibu wa sheria ulisimama mwaka 1994 ukarudi mwaka 2013. Hao wanakaa muda mfupi na wengi wana chuo mbele yao. Ninaowazungumzia ni wale wa kujitolea, ambao wanaingia wakiwa na tumaini moja tu, kwamba mwisho wa miaka miwili kutakuwa na ajira jeshini au polisi au magereza.

Wengine wanapata. Wengi wanarudi nyumbani. Mtakumbuka Aprili 2021, vijana zaidi ya 800 waliondolewa makambini baada ya kugoma wakidai ajira jeshini. Kati yao walikuwemo waliojenga ukuta wa Mirerani, ule wa kilomita zaidi ya 24 kuzunguka machimbo ya tanzanaiti. Mwaka uliofuata Rais Samia akawasamehe. Sitaki kuingia kwenye nani alikuwa na haki, mgomo ndani ya kombati ni jambo zito. Ninachokiona pale ni kitu kingine. Vijana wale walikuwa wamekwisha kujenga ukuta! Walijua kuchanganya zege, kupanga tofali, kusimamia kazi ikaisha kwa wakati. Lakini machoni pao, na machoni petu pia, hiyo haikuwa kazi yao. Kazi ilikuwa ni kuvaa kombati. Ufundi walioupata njiani waliuona kama vumbi la safari.

Hapo ndipo swali la leo linapoanza kuuma. Nani aliwafundisha kwamba ufundi ni kushuka? Sisi. Angalia tunavyoongea kwenye jumuiya zetu. Mtoto akichaguliwa kwenda jeshini tunatoa sadaka ya shukrani. Akipata nafasi gereji tunasema "walau anajishikiza." Halafu huyohuyo akirudi bila ajira tunamtafutia kampuni ya ulinzi, anakaa getini na kirungu usiku kucha akilinda malori ambayo angeweza kuyatengeneza. Ulinzi ni kazi halali, sina neno nao. Ila tusidanganyane, tunampeleka kule kwa sababu ndiko ambako hatuhitaji kumfundisha kitu. Ni rahisi kwetu.

Na mpakani kuna wengine wanaomtafuta. Kijana mwenye nguvu, anayejua kutii amri bila kuuliza, asiyeogopa usiku, ana thamani kubwa kwa mtu mwenye mzigo wa kupitisha njia za panya. Nani asiyejua hili hapa Tunduma? Kwenye Injili ya Luka, sura ya tatu, askari walimwendea Yohane Mbatizaji wakamwuliza nao wafanye nini. Hakuwaambia waache jeshi. Aliwaambia wasimnyang'anye mtu wala wasimsingizie mtu, na waridhike na mshahara wao. Mimi kila nikisikia somo hilo, lile la Majilio, nabaki na swali la utundu: na ambaye hana tena mshahara wa kuridhika nao? Nadhani jibu lake linatuhusu sisi tuliosimama pembeni ya mto tukisikiliza.

Si mara ya kwanza nchi yetu kukutana na jambo hili. Babu zetu waliokwenda Keya wakati wa vita ya pili ya dunia walifika Ethiopia, Madagaska, hadi Burma. Wengi wao hawakubeba bunduki tu. Walifundishwa kuendesha magari makubwa na kuyatengeneza, maana vita ile iliendeshwa kwa magurudumu. Waliporudi, baadhi yao ndio walioshika usukani wa malori na mabasi ya mwanzo na kufungua mainjini chini ya miembe. Hakuna aliyesema wameshuka, kwa sababu gari lilikuwa ajabu na aliyelijua alikuwa mtu mkubwa. Baada ya vita ya Kagera, 1978 hadi 1979, mgambo waliotoka vijijini walirudi vijijini. Na jeshi lenyewe halikuwahi kuudharau ufundi: kule Kibaha, kwenye kituo cha Nyumbu, wanajeshi na wahandisi walijaribu kuunda lori la Kitanzania lenye jina hilohilo. Fikiria hilo, jeshi linaota kutengeneza lori, halafu askari wake mstaafu anaona aibu kulala chini ya lori.

Lakini aibu yenyewe naielewa. Mwenye miaka arobaini na kitu aliyewahi kuamrisha watu, leo anatumwa na kijana wa miaka ishirini na miwili akalete spana namba kumi na tisa, na akileta kumi na saba anachekwa. Tumbo linakata. Hapo namkumbuka Mtakatifu Inyasi wa Loyola, ambaye tunamsherehekea kila tarehe 31 Julai na mara nyingi tunaishia kwenye habari ya mguu. Ndiyo, mwaka 1521 pale Pamplona risasi ya mzinga ilimvunja mguu, akalala kitandani, akasoma maisha ya Kristo na ya watakatifu, akabadilika. Tunalipenda sana tukio lile kwa sababu ni la kishujaa. Sehemu ninayoiona ngumu zaidi ilikuja miaka mitatu baadaye. Mwaka 1524, Barcelona, mtu mzima wa miaka 33 hivi, mwanajeshi wa ukoo bora, alikaa darasani na watoto wadogo kujifunza Kilatini cha mwanzo kabisa. Inasimuliwa kwamba alimwomba mwalimu amwadhibu kama watoto wale akizembea. Kuweka upanga mbele ya altare kule Montserrat kulichukua usiku mmoja. Kukaa kwenye benchi la watoto kulichukua karibu miaka miwili, kila asubuhi.

Usimsome Inyasi kana kwamba alijidhalilisha. Alijua kwamba cheo chake hakikuwa yeye. Mtakatifu Yohane Paulo II, kwenye barua yake ya mwaka 1981 kuhusu kazi ya binadamu, alifundisha kwamba thamani ya kazi inapimwa kwanza kwa kuwa anayeifanya ni mtu, si kwa aina ya kazi. Ukilikubali hilo, sajini anayeosha vipuri kwa petroli hajapungua hata nukta. Ukilikataa, basi hata alipokuwa kambini hakuwa na heshima yake mwenyewe, aliazimwa na kombati.

Sasa nigeukie upande wa pili, maana ni rahisi sana kumhubiria mstaafu unyenyekevu.

Fundi kijana naye ana hoja, na hoja yake si ya wivu tu. Nimeisikia pale kaunta zaidi ya mara moja: "Mimi nimeanza kuosha vipuri nikiwa na miaka kumi na minne, nimelala njaa, nimechomwa na oili ya moto. Huyu ana kiinua mgongo, au ana cheti cha JKT, na bado nimwonyeshe kazi bure ili kesho afungue gereji mbele yangu?" Utamjibu nini? Wengi wetu tutamtupia mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, wale walioajiriwa saa ya jioni wakalipwa sawa na wa asubuhi. Ni mfano mzuri, lakini tuutumie vizuri. Mwenye shamba alitoa dinari sawasawa. Hakusema zabibu mbichi zihesabiwe mbivu.

Namaanisha hivi. Ukitoka Mbeya kuja huku kuna mteremko wa Senjele, ambao madereva wanautaja wakiwa wamepunguza sauti. Breki za lori ni za upepo: kompresa inajaza hewa kwenye matangi, dereva akikanyaga pedali hewa inasukuma, na kile kidude tunachoita slaki ndicho kinachoamua pedi zikae mbali kiasi gani na dramu. Fundi akikaza upande mmoja na kulegeza mwingine, lori tupu pale gereji litasimama vizuri tu. Likiwa na tani thelathini mgongoni, kwenye mteremko, magurudumu machache yanabeba kazi ya yote, dramu zinapata moto, na nguvu ya breki inapotea wakati ambapo dereva anaihitaji kuliko wakati wowote. Chini ya mteremko kuna Noah ya abiria. Kwa hiyo huruma kwa mstaafu haiwezi kuwa ya kumpa kazi ya breki kabla hajaiva, eti ametumikia nchi. Aliye kwenye Noah naye ni jirani.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema wastaafu na vijana wa JKT wapewe tu upendeleo, vyeti vya haraka, mafunzo ya wiki mbili, picha na mgeni rasmi, basi. Hiyo ni namna ya kumlipa mtu deni kwa fedha bandia. VETA wana utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunza mtaani au kazini na kumpa cheti kwa kile anachokiweza kweli, na kumwonyesha anachopungukiwa. Kwa mzee wa karakana ya jeshi aliyefungua gia boksi kwa miaka ishirini bila karatasi, huo ndio mlango wa haki, kwa sababu anapimwa kwa mikono yake. Kwa kijana wa JKT ambaye hajawahi kushika spana hakuna njia ya mkato, ni miaka chini ya fundi. Na anayedaiwa miaka hiyo ni huyo fundi kijana anayelalamika, na mimi ninayeuza spea, na mwenye malori anayetaka kazi ifanywe na mtu mwaminifu lakini hataki kulipia mafunzo yake.

Kumbe deni letu si la kutoa cheo. Ni la kutoa muda, na ndiyo maana tunalikwepa. Kumwita mtu "afande" hakutugharimu kitu. Kumwacha afungue difu yako mara ya kwanza, ukisimama nyuma yake, ukijua kazi ya saa mbili itachukua tano na mteja anapiga honi, hapo unatoa kitu chako. Mwenyeheri Adolph Kolping alilielewa hili mapema. Alikuwa fundi viatu kabla ya kuwa padri, na mwaka 1849 kule Cologne alianza kuwakusanya mafundi vijana waliokuwa wanazurura mji hadi mji bila nyumba wala mtu wa kuwashika mkono. Hakuwaonea huruma akiwa mbali. Alijua harufu ya gundi.

Tena fundi kijana asifikiri anatoa tu. Gereji zetu bubu zina vipaji vingi na utaratibu sifuri. Spana inasahaulika juu ya injini, nati moja inabaki mfukoni, gari linaondoka. Askari amezoea kuhesabu. Kabla ya kufunga anapanga vifaa, anahesabu, kimoja kikikosekana haondoki mtu. Mzee mmoja ninayemwuzia spea aliianzisha tabia hiyo kwenye gereji aliyopokelewa hapa mjini, vijana wakamcheka wiki nzima wakimpigia saluti za uongo. Sasa wanahesabu bila kuambiwa. Yeye naye alikuwa anajua injini kwa sikio, anaweka bisibisi kwenye bloku na upande wa mpini sikioni, anakuambia nozeli ya ngapi inasumbua. Lakini malori ya siku hizi yana kompyuta, sikio peke yake halitoshi. Anayemfundisha kusoma makosa kwenye kile kifaa ni dogo aliyeacha shule kidato cha pili. Mzee anamwita "mwalimu", na hatanii.

Vijana wa VIWAWA, hapa nawasema ninyi na mimi pamoja nanyi. Chama chetu kinatokana na kazi ya Padri Cardijn wa Ubelgiji, aliyetuachia ile njia ya Ona, Amua, Tenda. Kuona tumekwisha kuona, wako kwenye kaunta yangu kila Jumatatu. Kuamua nimejaribu hapa, na aliye na maoni tofauti aniandikie, sitanuna. Kwenye kutenda ndiko kuna jambo dogo ambalo hotuba huwa zinaliruka, nalo ni chakula. Saidia fundi wa miaka kumi na minne anakula kwa mama yake. Kijana wa miaka ishirini na minne aliyetoka JKT hana mtu wa kumpikia, na mstaafu ana watoto shuleni. Mwaka wa kwanza wa kujifunza hauna kipato cha maana. Wengi wanaoacha gereji na kwenda getini, au kwenda kubaya zaidi, si kwamba wamechoka ufundi. Wameshindwa mwezi wa tatu.

Parokia nyingi zina mafundi waumini wenye gereji zao, na kila jumuiya ina mfuko wake mdogo wa kusaidiana, ule tunaoutoa haraka sana kwa misiba. Jumuiya kumi zikichangia sahani ya mchana ya mtu mmoja na nusu ya seti ya spana, na fundi mmoja muumini akakubali kumpokea kwa miaka miwili kwa makubaliano yaliyoandikwa, anayejua kwamba breki hatamwachia peke yake hadi aive, tayari tuna mwanafunzi mmoja. Kwetu tumeanza kuulizana nani awe fundi huyo. Watatu tumewafuata. Wawili wamesema watafikiria, na wa tatu ameuliza kama huyo afande atakubali kuamka saa kumi na moja alfajiri, nikacheka, nikamwambia hilo ndilo jambo pekee ambalo hutamfundisha.